Toka Hale mpaka Mukono kutafuta uzi wa mgomba

Jumatatu, Hale

Tungeweza kuondoka leo leo ila Anko kakataa, kasema huwezi kwenda kuangalia mashine ya kukwangua migomba wakati hujawahi kusimama pembeni ya korona, mashine ya kukwangua mkonge, ikiwa inafanya kazi, kila mtu atakudanganya huko. Anko ni mdogo wake mama, fundi mitambo, kazeekea kwenye karakana za mashamba ya mkonge hapa Tanga. Mimi nasuka vikapu na mazulia ya mlangoni kwa singa, yani nyuzi za mkonge, na shida yangu ni moja tu, singa inakwaruza. Kwa zulia la kufutia miguu hiyo ni sifa nzuri kabisa ila kwa mkoba wateja wanalalamika, mkono unawasha, bega linawasha, na kila nikifungua simu naona mikoba ya uzi wa mgomba inameremeta. Bas nikasema niende Bukoba na Mukono, Uganda, nikaone mwenyewe.

Kwa ambaye hajawahi kuona korona: majani ya mkonge yanaingia upande mmoja yamelala, yanapita kwenye ngoma kubwa zinazozunguka zenye visu butu, nyama ya jani inapondwa na kukwanguliwa huku maji yanamwagika muda wote, upande wa pili zinatoka singa mbichi zinaenda kuanikwa kwenye kamba juani, zikikauka zinapigwa brashi na kufungwa marobota. Visu butu, Anko kalirudia hilo mara kibao, kisu kikiwa kikali kinakata uzi na hapo umeharibu kila kitu.

Ila kilichonishangaza ni kule chini ya mashine. Kwenye kilo mia za majani singa unazopata ni kama kilo tatu nne tu, zote zilizobaki ni maji na makapi, yani kiwanda kizima kwa kweli ni kiwanda cha makapi na singa ni ziada! Miaka na miaka makapi hayo yalikuwa yanalundikwa yaoze au yanaishia mtoni. Hapa Hale ndo palijengwa mtambo wa kuyageuza gesi na kuzalisha umeme, jambo la maana sana, ila ukikumbuka mkonge wenyewe ulifika 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida ikafika 62 ikiwa hai na kupandwa huko Kikogwe, Pangani, unaona tumechukua zaidi ya miaka mia kuanza kuyafikiria makapi. Na mkonge haukuwa kitu kidogo, 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000, alafu nailoni na kamba za plastiki zikaingia sokoni bei ikaporomoka. Anko huwa anazungumzia nailoni kama mtu aliyemdhulumu kiwanja.

Jioni wakati tunakunywa chai kaniambia swali la kwenda nalo huko Bukoba ni moja tu: makapi yao wanayapeleka wapi? Mengine yote atayaona mwenyewe kwenye mashine.

Jumanne na Jumatano, njiani

Segera, Chalinze, alafu Msamvu ndo tukakamata basi la Bukoba. Sina la kusema kuhusu safari ya hivo zaidi ya kwamba miguu ilivimba na jirani yangu alikuwa na jogoo kwenye kikapu, kikapu cha plastiki, inaniuma.

Kupita Kahama nikakumbuka kitu kuhusu pamba. Ukanda huu wa Shinyanga wakulima wakishavuna wanatakiwa wang'oe miti ya pamba na kuichoma ili wadudu wasivuke msimu mwingine, na ile miti gome lake lina nyuzi kabisa. Nikamwambia Anko, akajibu "ukiiweka stoo usubiri kiwanda, umewafuga wale wadudu", akageukia dirishani akalala. Hapo nikaanza kuelewa kwamba hizi habari za kugeuza taka kuwa mali watu wanaziandika kirahisi sana, kila taka ina sababu iko pale ilipo na kuna mtu au mdudu anaitegemea.

Ushirombo, Biharamulo, Muleba, tumefika Bukoba giza limeingia na mvua inanyesha. Ndizi na maharage, kulala.

Alhamisi, Bukoba vijijini

Leo ndo siku yenyewe kwahiyo nitaandika sana.

Tumepanda bodaboda mpaka upande wa Maruku, kule kwenye kituo cha utafiti wa migomba, ila sisi hatukwenda kituoni, tulikuwa na miadi na kikundi cha vijana wenye mashine yao ndogo. Mashine haikuwa kwao. Ilikuwa kwenye kibanja, shamba la migomba la nyumbani, cha mama mmoja mtu mzima, imekokotwa mpaka katikati ya migomba na injini yake ya petroli, na yule mama kasimama pembeni kajifunga kanga kiunoni anaangalia kila kinachofanyika utadhani ni mhasibu. Anko kamsalimia shikamoo mama, akaitikia marahaba waitu, karibuni, alafu akatuuliza kama na sisi tumekuja kubeba magogo yake.

Sababu ya hilo swali tuliielewa baadae. Mwanzoni vijana walikuwa wanakusanya magogo ya migomba iliyovunwa kijiji kizima wanayapakia kwenye guta kupeleka kwenye banda lao barabarani. Mgomba ukishatoa mkungu hauzai tena, unakatwa, chipukizi pembeni inachukua nafasi, na gogo linabaki pale chini, kwahiyo kwa mtu wa nje ni taka tupu. Yule mama akawagomea na akawagomesha na wenzie. Hoja yake kanieleza hivi: "Gogo nikilipasua nikalilaza kwenye shamba linanitunzia unyevu, likioza linalisha migomba. Hawa wakilichukua, shamba langu litakula nini?" Kibanja cha Wahaya kimeishi vizazi na vizazi kwa kurudishiwa, nyasi, samadi, majani, magogo, udongo wa huku ni wa mvua nyingi unasuuzwa kila siku, bila kurudishia hupati kitu. Na vipande vya gogo vilivyopasuliwa wanavitumia pia kama mtego wa fukusi, unavilaza karibu na shina jioni, wadudu wanajikusanya chini yake, asubuhi unawaokota.

Na kuna sababu nyingine kubwa kuliko hiyo, mnyauko. Huu ugonjwa wa bakteria uligundulika Uganda 2001 na baadae ukavuka kuingia Kagera, mgomba unakuwa wa njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza, ukikata shina unatoka usaha wa njano. Unaenea kwa wadudu wanaotembelea ua na kwa visu na mapanga yasiyosafishwa. Sasa fikiria mashine moja inakwangua magogo ya vibanja ishirini kwa siku, kila gogo linaacha majimaji kwenye visu! Yani ukitaka kueneza mnyauko kwa makusudi huwezi kubuni kifaa kizuri kuliko hicho.

Kwahiyo wakakubaliana hivi, na ndo utaratibu tulioukuta: mashine inakwenda kwenye kibanja, gogo halitoki. Kabla ya kuanza na baada ya kumaliza inaoshwa na kupigwa jiki, mapanga yanapitishwa kwenye moto. Shina lenye dalili yoyote haliguswi. Makapi yote na maji yake yanarudi palepale shambani, kinachoondoka ni uzi tu. Kijana mmoja aliyesomea kilimo kanifafanulia kwamba ile potasiamu mgomba unayoipenda iko zaidi kwenye majimaji na nyama ya gogo, nyuzi zenyewe hazina rutuba ya maana, kwahiyo mama hapotezi kitu kikubwa, tena makapi yakiwa yamesagika yanaoza haraka. Anko akaniangalia tu. Swali lake lilikuwa limejibiwa kabla hajaliuliza.

Kazi yenyewe sasa. Gogo linatakiwa liwe limekatwa leo au jana, likikaa linageuka kahawia na uzi unatoka na madoa, na kila mtu anajua utomvu wa ndizi ukishika nguo umeshika. Wanalichambua ganda kwa ganda kama vitunguu, kila ganda linapasuliwa vipande virefu vya upana wa kiganja. Unashika ncha moja, unasukuma kipande kwenye ngoma inayozunguka mpaka nusu, unakivuta kurudi, nyama imebaki ndani na mkononi una nyuzi, unageuza unaingiza ile nusu uliyokuwa umeshika. Sekunde chache tu. Maji yanaruka kila mahali, nimelowa mpaka kichwani.

Anko kasimama dakika kama kumi hajasema neno alafu akaomba wazime injini. Kwanza, mdomo wa kulishia hauna kizuizi, kijana akijisahau mkono unakwenda na ganda, kwenye mkonge kaona watu wamepoteza vidole. Pili, nafasi kati ya visu na kile chuma cha chini ilikuwa imewekwa moja kwa maganda yote, na maganda hayafanani. Ya nje ni manene na uzi wake mgumu, ya katikati wa wastani, ya ndani kabisa uzi ni mweupe mwembamba unang'aa ila dhaifu, ukiyapitisha kwenye nafasi ileile ama ya nje yanatoka na nyama ama ya ndani yanakatika vipande vipande. Akalegeza boti, akaweka vipande vya bati chini ya kile chuma, wakapitisha ya ndani tena. Yakatoka mazima. Vijana wakaanza kumuita mwalimu, na Anko kwa uso ule wa kujifanya hajasikia, jamani.

Ijumaa, palepale

Mvua toka alfajiri. Nyuzi za jana zilioshwa mara moja baada ya kukwanguliwa zikatundikwa kwenye kamba chini ya paa la turubai, na leo bado zina unyevu, na zile zilizokuwa pembeni mvua ilipopiga zimeanza harufu. Kukausha ndo ugonjwa wa hii biashara kwa Bukoba. Tanga jua linafanya kazi bure, hapa mwambao wa ziwa mvua haina adabu. Wanataka kujenga banda la nailoni angavu (nailoni hiyohiyo, Anko kacheka sana), joto likae ndani na upepo upite juu.

Tumepima. Gogo lililokuwa kama kilo arobaini limetoa uzi mkavu usiofika nusu kilo. Anko akaanza, korona inatoa tatu nne kwenye mia, hii haitoi hata mbili, sasa mnahangaika nini. Nikamwambia mkonge unaupanda kwa ajili ya singa na unasubiri miaka miwili mitatu kabla ya mkato wa kwanza, huyu mgomba umeshalipa, mkungu umeshaliwa, hii nusu kilo imekuja juu ya mkungu. Hakujibu. Kwake yeye kutojibu ndo kukubali.

Ila hesabu ya mafuta ya injini ilitunyamazisha wote. Kama magogo yako mbali mbali unachoma petroli kukokota mashine kuliko kukwangua. Kwahiyo wanapanga kwa msimu, wanasubiri kijiji kiwe na mavuno mengi kwa wakati mmoja na wanakwenda kibanja kwa kibanja kwa mstari. Malipo kwa mwenye kibanja ni kwa kilo ya uzi mkavu, na yule mama kasimama kwenye mzani mwenyewe.

Mchana alitupikia. Kaniuliza kwetu pwani tunatumia nini, nikamwambia habari ya usumba, jinsi kina mama wa Unguja wanavyofukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa ufukweni, bahari inaingia na kutoka miezi na miezi, alafu wanayafukua wanayapiga kwa gogo mpaka zinabaki nyuzi za kusokota kamba. Akauliza harufu inakuwaje. Nikamwambia mama, hiyo usiulize. Hata mgomba unaweza kuozeshwa hivo kwenye maji bila mashine, ila utachukua wiki kadhaa na yale maji hakuna wa kuyasogelea.

Jumamosi, Mutukula mpaka Kampala

Basi la asubuhi. Daraja la Kyaka, lile la vita ya 1978, Anko kavua kofia kwa sababu kaka yake alipita hapo akiwa jeshini. Mpakani Mutukula foleni ndefu ila watu wastaarabu. Masaka, tukala gonja, ndizi za kuchoma, pale Lukaya, Kayabwe tukavuka ikweta na kila mtu kwenye basi akatoa simu. Pande zote mbili za barabara ni migomba, migomba, migomba. Waganda na matooke yao... yani malighafi hapa haiwezi kuwa shida.

Jumapili karakana zimefungwa, tumelala.

Jumatatu, Mukono

Uganda hii kazi ina jina tayari kwa sababu ya kampuni ya TexFad ya Kimani Muturi, hao ndo wametangazwa sana kwa mazulia na nywele za bandia za uzi wa mgomba, na hizo nywele zinaoza zikitupwa, tofauti na rasta za plastiki zinazoziba mitaro yetu. Sisi tulikwenda karakana nyingine ndogo, kina mama saba nane na vijana wawili, kwa sababu nilitaka kuona mtu anayefanya kwa mikono ninayoweza kuiga.

Kiswahili chao kidogo, Kiganda changu sifuri, nnyabo (mama kwa Kiganda) mmoja aliyewahi kuishi Mwanza akawa mkalimani. Byayi, yale maganda makavu yanayojikausha yenyewe kwenye mgomba, wao wanayatumia toka zamani kufungia na kusukia, watoto wanatengenezea mipira. Uzi wa mashine ni kitu kingine na wanautendea tofauti.

Kwanza wanachambua madaraja: wa nje kwa mazulia na kamba, wa katikati kwa mikoba na vitambaa vya mezani, wa ndani ndo wa nywele na vitu laini. Mimi Tanga nilikuwa nadhani kuna uzi wa mgomba mmoja tu. Alafu wanachana kwa kitana cha misumari, wanapoteza kiasi kikubwa hapo, vumbi na nyuzi fupi, hizo fupi wanawauzia wanaotengeneza karatasi. Baada ya hapo ndo kulainisha, na hili ndo lililonitoa Tanga. Wanachemsha na magadi soda, muda na kiasi vinategemea daraja, gundi inayoshikanisha nyuzi inayeyuka na uzi unalegea. Ukizidisha moto uzi unakuwa laini kweli ila ukiuvuta unakatika mkononi. Nilipewa nijaribu, nikavuta wa ndani uliochemshwa sana ukaachia kama karatasi iliyolowa, wa katikati uliochemshwa kidogo ukanikata kidole.

Hii ya kuchemsha si mpya duniani. Kule Okinawa, Japani, kijiji cha Kijoka, wanafuma kitambaa cha bashofu kwa uzi wa aina ya mgomba, na wao wanachemsha kwa maji ya majivu, wanagawa maganda ya nje mpaka ya ndani kwa madaraja, ya ndani ndo ya kimono. Mwanamama Toshiko Taira alitunukiwa na serikali yao heshima ya hazina hai ya taifa mwaka 2000 kwa kazi hiyo. Wafilipino wana abaka, ndugu yake mgomba, ndo iliyotoa kamba za Manila zilizofunga meli dunia nzima. Ethiopia wana ensete, mmea wa jamii ya mgomba, wanakula kilichomo kwenye shina na nyuzi zinabaki kwa kamba na magunia. Rwanda shirika la SHE linatengeneza pedi kwa uzi wa mgomba. Yani sisi tuliojaa migomba toka Moshi mpaka Mbeya mpaka Bukoba ndo tumechelewa.

Kufuma wanatumia mtande (nyuzi za kutandika kwa urefu) wa pamba na mshindio (nyuzi za kupitisha kwa upana) wa mgomba. Nikauliza kwanini wasitumie mgomba pote, yule nnyabo akaniwekea nyuzi mbili mkononi, ya mgomba haina mnyumbuko hata kidogo, ukiitandika kwenye kitanda cha kufumia na kuikaza inakatika, na kuisokota iwe uzi mrefu sawasawa ni kuunganisha kwa mkono fundo kwa fundo. Mashine za kusokotea pamba hazitaki uzi mrefu hivo, lazima uukate mfupi kwanza, na hapo umepoteza urefu ambao ndo uzuri wake. Kwahiyo nguo ya mgomba mtupu iliyofumwa kwa mkono inauzwa bei ambayo mteja wangu wa Tanga akiisikia atadhani nimekosea sifuri.

Kwa mkoba lakini inatosha kabisa. Nimeshika mkoba wa daraja la kati, mtande wa pamba, bega haliwashi, unang'aa bila rangi. Udhaifu wake ni maji, ukilowa na kuachwa kwenye kona unaota ukungu, wakaniambia niwaambie wateja ukweli huo kabla hawajanunua.

Anko muda wote huo yuko nje na wale vijana wawili wanapima ngoma ya mashine yao kwa futi kamba. Hii ilikuwa na kizuizi mdomoni na skrubu mbili za kurekebisha nafasi bila kufungua boti. Alirudi na michoro nyuma ya tiketi ya basi.

Jumanne, kurudi

Nilitaka kuondoka na kilo kadhaa za uzi ila wakatushauri tusibebe, mazao ya mimea kuvuka mpaka yanataka cheti cha afya ya mimea na kwa habari za mnyauko hawa watu wa ukaguzi hawataki utani, na wana haki. Tumebeba zulia moja na mkoba mmoja, vitu vilivyokamilika, risiti mkononi. Mutukula afisa kaugeuza mkoba ndani nje, kauliza ni mkonge? Anko kanitangulia kujibu, "mgomba, afande, ila mashine yake ni ya kwetu Tanga."

Tulichokubaliana kwenye basi ni hiki. Daraja la nje sina shida nalo, singa inatosha na ni rahisi. Daraja la kati ntanunua kwa wale vijana wa Bukoba, kavu, iliyochanwa, na kuchemsha ntachemshia nyumbani ambako jua lipo. Ya ndani waachieni wenye soko la nywele. Anko atawatengenezea kizuizi na zile skrubu mbili kwa vyuma chakavu vya karakana, anasema vipo vingi, ila kaweka sharti kwamba kabla hajatuma chochote wampigie simu na yule mama awepo kwenye hiyo simu.